Fataki na Haki ya Jirani

Fataki hufanywa kwa ajili ya furaha, lakini mlio wake haumchagui asikiaye: mwenye sherehe huusikia, na mgonjwa kitandani huusikia vilevile. Jirani asiyeutaka amwendee nani? Katika Uingereza na Uskoti swali hili lilikaa zaidi ya karne nne kabla ya kupata jawabu, nalo si jawabu kamili.

Asili ya mambo ni tarehe 5 Novemba 1605. Guy Fawkes alikamatwa chini ya jumba la Bunge mjini London akilinda mapipa 36 ya baruti, yaliyowekwa tayari kumwua Mfalme James, ambaye alikuwa mfalme wa Uskoti tangu uchanga wake. Watu wa London waliwasha mioto kwa shukrani. Mwaka 1606 Bunge lilitunga sheria ya kuamuru ibada ya shukrani kila ifikapo siku hiyo, na amri hiyo ilidumu hata 1859. Basi kelele za Novemba zilikulia katika kivuli cha dola, na aliyeudhika nazo hakuwa na mlango wa kubisha.

Hata hivyo furaha ilipita kiasi mapema. Mwishoni mwa karne ya 17, katika enzi ya Mfalme William wa Tatu, Bunge la Uingereza lilihesabu urushaji wa fataki kuwa udhia kwa umma, likaweka faini. Sheria ya vitu vya kulipuka ya mwaka 1875 nayo ilikataza kuzirusha katika njia ya watu. Sheria hizo zilimtazama mrushaji na barabara. Sheria ya mwaka 2003 ilifungua njia ya kuweka saa, na kwa kawaida fataki zikakatazwa tangu saa tano usiku hata saa moja asubuhi. Lakini saa hizo ziliwekwa na wakuu kwa nchi nzima, wala mtaa mmoja haukuweza kujisemea.

Mwaka 2019 serikali ya Uskoti ilitaka shauri la watu. Yakaja majibu zaidi ya 16,000, na asilimia 87 ya waliojibu walitaka fataki zisiuzwe kwa raia. Yafaa kukumbuka kwamba aghalabu ajibuye ni yule aliyeudhika. Lakini wingi huo haukuweza kupuuzwa. Sheria ya mwaka 2022 ikayapa mabaraza ya Uskoti uwezo wa kutenga maeneo ambamo raia hawaruhusiwi kuwasha fataki, hata katika ua wao wenyewe, na wenyeji wakapata njia ya kuomba eneo lao litengwe. Mabaraza ya Uingereza hayakupewa uwezo kama huo na sheria hiyo.

Edinburgh ulitenga maeneo manne tangu tarehe 1 hata 10 Novemba 2024: Balerno, Calton Hill, Niddrie na Seafield. Hawakuwa na taabu moja. Niddrie, mwaka uliotangulia, polisi walishambuliwa kwa fataki. Seafield pana makao ya mbwa na paka waliokosa wenyewe, na mnyama hawezi kuelezwa sababu ya mshindo.

Je, ombi la wengi latosha kuwa hukumu? Diwali ya mwaka huo iliangukia tarehe 31 Oktoba na 1 Novemba, hivyo utulivu wa jirani mmoja uligusa ibada ya mwingine. Maonyesho ya hadhara hayakukatazwa. Lakini anayewasha fataki uani pamoja na wanawe hakupata faraja kubwa kwa hilo. Tena machafuko yalizuka katika sehemu nyingine za mji, nje ya mipaka iliyowekwa.

Kwa hiyo baraza lipokealo ombi lina wajibu wa kuwatafuta na wale wasioliandika. Sheria iliyotungwa ili kumsikiliza jirani haitatimiza kazi yake iwapo itamsikiliza jirani mmoja tu.