Ganda la giaboksi ya babu

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu na hifadhidata, lakini leo niwieni radhi, nitaongea juu ya grisi. Nimekaa kimya miezi mitatu kwa sababu karibu kila Jumamosi nilikuwa Nyeri kwa nyanya, chini ya mparachichi, nikisugua kipande cha chuma ambacho, kama mtakavyoona, si chuma.

Marehemu babu alikuwa mwalimu, na gari lake lilikuwa Volkswagen Beetle la mwaka 1967. Alipofariki hakuna aliyeligusa. Kuku walitaga ndani yake. Mwaka jana kwenye kikao cha familia ami yangu mmoja akasema limekuwa aibu, auziwe mtu wa vyuma chakavu aliyekuwa ameshaahidi kuja na lori. Nyanya hakusema kitu, akaangalia chini tu. Basi mimi nikafungua mdomo (mimi ninayelipwa kukaa kwenye kiti na kuandika kodi) nikasema nipeni hadi Desemba. Likitembea, linabaki. Lisipotembea, lori lije.

Injini haikuwa mbaya sana. Shida ilikuwa giaboksi: ilikuwa imekwama, na ganda lake limefunikwa na tope na oili iliyoganda unene wa kidole. Nikaishusha, nikafungua nati, nikatoa gia na beringi nikaziweka kwenye karai la mafuta ya taa. Hapo sawa. Halafu nikaamua ganda lenyewe nilisafishe ling'ae. Nilikuwa nimetazama video nyingi za Wazungu wakitumbukiza maganda ya aluminiamu kwenye asidi, yanatoka meupe kama sahani mpya. Nikanunua dawa ya asidi, ile ya kuondoa kutu na madoa, nikaanza na kile kifuniko cha mbele cha giaboksi, kwa bahati nzuri, badala ya ganda lote. Nikakitumbukiza, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi ndoo ilikuwa inachemka. Si kwa moto, kwa mapovu. Nilipokitoa kifuniko, ule uso laini unaokutana na gasketi ulikuwa umejaa mashimo kama ndui.

Jumatatu nikakipeleka Grogan, Nairobi, kwa mzee mmoja anayejua Beetle kuliko ninavyojua kiganja changu. Akakigeuza mara moja.

"Kijana, hii umeitia nini?"

"Asidi kidogo, mzee."

"Pole. Hii si aluminiamu. Hii ni magnesiamu. Hata ndimu inaila."

Nyumbani nikajaribu. Tone la siki kwenye ukingo wa kile kifuniko: mapovu papo hapo. Tone la siki kwenye sufuria ya aluminiamu: kimya. Jamani, miaka minne ya chuo, cheti cha sayansi ya kompyuta ukutani, na nilikuwa nimefanya kosa ambalo humkaripia mwanagenzi akilifanya, la kuchukulia kwamba vitu viwili vinavyofanana kwa sura ni vya aina moja. Rangi ni ileile ya kijivu. Uzito ndio unaosema ukweli: sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ni gramu 1.74, ya aluminiamu ni 2.70, ya chuma ni 7.87. Na kemikali zao zimepishana kabisa. Kostiki soda hula aluminiamu na kuiacha magnesiamu. Asidi hula magnesiamu kwa pupa.

Sasa swali likaninyima usingizi. Kwa nini mtu atengeneze ganda la giaboksi, kitu cha kupigwa mawe barabarani maisha yake yote, kwa madini yanayoliwa na ndimu?

Jibu linaanzia Ujerumani. Humphry Davy, Mwingereza, ndiye aliyeitenga magnesiamu mara ya kwanza mwaka 1808, lakini Wajerumani ndio walioifanya biashara. Kampuni ya Griesheim-Elektron ikaipa aloi yake jina la Elektron na kuionyesha Frankfurt mwaka 1909, kwenye maonyesho ya vyombo vya angani. Miaka ya 1930 Ujerumani ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Sababu haikuwa uhandisi peke yake. Nchi ile haikuwa na boksiti ya kutosha kufanyia aluminiamu, lakini ilikuwa na chumvi za magnesiamu ardhini mwake, na serikali ya wakati huo, iliyokuwa inajiandaa kwa vita, haikutaka kutegemea meli za wengine.

Ndipo akaja Ferdinand Porsche na gari lake la watu. Injini aliiweka nyuma, tena nyuma ya ekseli, na giaboksi mbele yake. Ukining'iniza uzito mwingi pale, gari linakuwa kama nyundo iliyoshikwa upande wa mpini, na kwenye kona mkia unataka kutangulia. Dawa ni kupunguza uzito wa mkia. Ganda la injini na ganda la giaboksi yakasubiwa kwa aloi ya magnesiamu, na kila Beetle likabeba zaidi ya kilo 20 za madini hayo.

Maganda ya kwanza ya giaboksi yalikuwa nusu mbili, kushoto na kulia, zilizochongwa pamoja na zisizoweza kuchanganywa na nusu za giaboksi nyingine. Kwenye magari ya modeli ya 1961 wakahamia ganda la kipande kimoja, ambalo gia huingizwa ndani yake kama droo. La babu ni la namna hii, na nashukuru, maana sehemu za kuvujia ni chache.

Kwetu hapa gari hili lilijipatia jina kwenye matope. Mwaka 1953 yalifanyika mashindano ya kwanza ya Safari, yakiitwa Coronation Safari kwa ajili ya kutawazwa kwa Elizabeth, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Alan Dix alikuwa na Beetle, akawa na adhabu chache kabisa katika kundi la magari ya bei ya chini. Vic Preston akashinda na Beetle mwaka 1954, likashinda tena 1957, na Tommy Fjastad akaongeza jingine mwaka 1962. Uzito wa injini juu ya magurudumu yanayosukuma unasaidia sana tope likiwa la magoti. Wazee wa rika la babu waliyaona haya kwa macho yao, na nadhani ndiyo sababu mwalimu wa shule ya msingi alijinyima miaka kadhaa anunue gari hili na si jingine.

Lakini turudi kwenye kuliwa. Mwanzoni watu waliamini magnesiamu ni dhaifu kwa maumbile, basi. Wamarekani ndio waliochimba zaidi. Kampuni ya Dow ilikuwa imeanza Januari 1941 kutoa magnesiamu kwenye maji ya bahari huko Freeport, Texas. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 1.3 tu, kwa hiyo walisukuma bahari nzima kiwandani, wakaikamata magnesiamu kwa chokaa iliyochomwa kutokana na magamba ya chaza. (Watu wa Lamu na Mombasa, waliojenga kwa chokaa ya matumbawe tangu enzi za mababu, wangeelewa kiwanda kile mara moja.) Mwaka 1942 Hanawalt na wenzake wa Dow wakachapisha jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote katika hadithi hii: adui mkubwa alikuwa uchafu mdogo ndani ya magnesiamu yenyewe. Chuma, shaba, nikeli. Nikeli ikipita sehemu 5 hivi katika milioni, kasi ya kuliwa kwenye maji ya chumvi inapaa ghafla. Chini ya kiwango hicho, madini yaleyale yanatulia.

Yeyote aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye programu anaijua hali hiyo. Siku tatu unalaumu mfumo mzima, kumbe ni herufi moja.

Kinachotokea ni betri. Gusanisha magnesiamu na chuma, weka maji yenye chumvi kidogo katikati, na magnesiamu inajitoa mhanga. Watu hutumia tabia hiyo kwa faida: ndani ya matangi mengi ya maji moto hufungwa kijiti cha magnesiamu ili kiliwe badala ya tangi. Kwenye giaboksi ni hasara. Ndiyo maana nilikuta ganda la babu ni zima kwenye tumbo, ila kuzunguka kila bolti ya chuma kulikuwa na unga mweupe na kishimo. Na ndiyo maana yule mzee alinikataza brashi ya waya. Brashi huacha chembe za chuma zisizoonekana, na kila chembe ni betri ndogo inayosubiri mvua.

Kuna la moto pia, nalo si la kupuuza. Tarehe 11 Juni 1955 huko Le Mans, Mercedes 300 SLR lenye bodi ya Elektron lilirukia watazamaji likawaka, na watu zaidi ya 80 wakafa. Waliojaribu kulizima kwa maji waliuchochea moto, kwa sababu magnesiamu inayowaka hunyang'anya maji oksijeni na kuacha haidrojeni. Ganda zima haliwaki kirahisi. Unga wa msasa unawaka. Nilisugua kwa maji na kuuondoa unyevunyevu wake kila jioni, na ndoo ya mchanga mkavu ikawa karibu, nyanya akiuliza kama najenga.

Hata hivyo Volkswagen haikuogopa. Mwaka 1971 pekee ilitumia takriban tani 42,000 za magnesiamu, mteja mkubwa kuliko wote duniani. Tarehe 17 Februari 1972 Beetle likaipita rekodi ya Ford Model T, gari namba 15,007,034. Baadaye bei ya magnesiamu na injini zinazopozwa kwa maji vikaiondoa polepole, na Beetle lenyewe likakoma kuundwa Mexico tarehe 30 Julai 2003.

Kwa mafundi wa ndege wa zamani, dawa ya ngozi ya magnesiamu ilikuwa kuichovya kwenye kromati, ikatoka na rangi ya dhahabu au kahawia. Inafanya kazi vizuri sana. Pia kromiamu ya aina ile husababisha saratani, na katika Umoja wa Ulaya kromiamu trioksidi haitumiki bila kibali maalumu tangu Septemba 2017. Niliipata mtandaoni, nikaiweka kwenye kikapu, nikaitoa. Kisima cha nyanya kiko hatua ishirini kutoka mparachichi.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Tope nililikwangua kwa kijiti cha mbao. Oili niliitoa kwa mafuta ya taa na brashi ya plastiki, mara nne. Kisha maji ya moto yenye magadi ya kufulia, ambayo ni alkali na hayaidhuru, suuza, kausha papo hapo kwa kitambaa na jua la saa nane. Ngozi iliyojitokeza ilikuwa ya kijivu iliyofifia, na namba ya babu imegongwa pale pale inasomeka. Vishimo vya kwenye bolti nilivisugua kwa msasa mpya ambao haujagusa chuma. Nikapaka epoksi tabaka mbili nyembamba nje tu, nyuso za gasketi nikazifunika kwa utepe. Bolti zote nikazipaka grisi na kuziwekea washa. Ndani sikupaka chochote. Huko kuna oili, na rangi ikibanduka ingeishia kwenye beringi.

Kifuniko nilichokichemsha hakikupona. Yule mzee wa Grogan aliniuzia kingine cha mtumba, kwa bei ambayo nadhani ilikuwa na ada ya shule ndani yake.

Tulimimina lita 2.5 za oili ya 90 siku ya tarehe 14 Desemba. Gia ya pili inagoma ikiwa baridi, na kuna tone moja la oili kwenye saruji kila asubuhi, chini ya kile kifuniko cha mtumba. Lakini nyanya alikaa mbele, shuka magotini, tukaenda hadi sokoni na kurudi, na ami akapiga simu kumwambia mtu wa lori asije. Breki nitaanza nazo Januari.