Beta (kirusi cha korona)

Beta, au B.1.351, ni aina ya kirusi kinachosababisha UVIKO-19. Afrika Kusini iliitangaza tarehe 18 Desemba 2020, baada ya kikundi cha mwanasayansi Tulio de Oliveira kusoma jeni za virusi kutoka Nelson Mandela Bay, jimbo la Eastern Cape. Shirika la Afya Duniani liliipa jina la Beta Mei 2021. Kabla ya hapo magazeti yaliiita "kirusi cha Afrika Kusini", jina lililoiadhibu nchi kwa kuwa macho.

Hatari ya Beta ilikuwa kukwepa kingamwili, ambazo hufanya kazi kwa kung'ang'ania. Hushika miiba ya kirusi, hasa mahali panaponata kwenye kipokezi cha ACE2 cha seli zetu. Pakizibwa, kirusi hakina pa kuingilia. Mwiba ni protini ya asidi amino 1,273. Katika Beta, kwenye nafasi ya 484, asidi glutamiki yenye chaji hasi ilipisha laisini yenye chaji chanya, na kingamwili nyingi zilizozoea kushika hapo zikateleza. Badiliko la nafasi ya 417 liliondoa mshiko mwingine; la 501 likakaza mwiba kwenye kipokezi. Kirusi hakipangi hila yoyote: kinaponakili jeni zake, zenye herufi karibu 30,000, hukosea ovyo ovyo, na palipo na watu wengi wenye kingamwili, nakala iliyokosea kwa bahati njema yake ndiyo husambaa.

Dozi milioni 1 za chanjo ya AstraZeneca zilizotengenezwa India zilitua Johannesburg tarehe 1 Februari 2021. Tarehe 7 serikali ilisitisha kuzitumia: jaribio la watu wapatao 2,000 lilionyesha hazikukinga vya kutosha dhidi ya ugonjwa mwepesi na wa wastani wa Beta. Kuhusu ugonjwa mkali jaribio halikuweza kusema kitu, maana washiriki wengi walikuwa vijana, jambo ambalo halikusikika sana katika kelele za siku zile. Wahudumu wa afya walianza kuchanjwa kwa Johnson & Johnson tarehe 17.

Seli T, sehemu nyingine ya kinga ya mwili, ni vigumu zaidi kuzikwepa kuliko kingamwili, kwa kuwa hutambua vipande vya protini vilivyokatwa kutoka sehemu nyingi za kirusi.

Beta ilifunikwa na aina nyingine, Delta, mwaka 2021. Novemba mwaka huo ikaja Omikroni, yenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba. Nafasi ya 484 ilikuwa imebadilika tena, safari hii kwa alanini.