Kumi Ndogo Kuliko Nne
Usiku wa kuamkia siku ya kutetea pendekezo langu la utafiti, kompyuta ilisasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na waifai ikafa. Slaidi zangu zote zilikuwa mtandaoni. Mkosaji nilimpata saa tisa usiku: mstari mmoja katika skripti ya kifurushi cha moduli ya waifai. Ulilinganisha matoleo kama maneno ya kamusi, ukaamua 5.10 ni ndogo kuliko 5.4, kwa kuwa 1 hutangulia 4.

Moduli zinazoishi nje ya kerneli hujengwa upya kila kerneli inapobadilika, maana wakuzaji wa Linux hawaahidi kwamba mambo ya ndani yatabaki yalivyo. Mwaka 2003 wahandisi wa Dell walitengeneza DKMS ili kazi hiyo ijifanye yenyewe. Lakini DKMS huongozwa na skripti ndogondogo za kila kifurushi, na nyingi hukisia mambo kwa kutazama namba ya toleo.

Namba hiyo imeshawaumbua watu. Julai 2011, baada ya zaidi ya miaka saba ya 2.6, Linus Torvalds aliruka kutoka 2.6.39 hadi 3.0. Ndani hakukuwa na mapinduzi yoyote. Namba zilikuwa zimerefuka tu, na Linux ilikuwa inatimiza miaka 20. Hata hivyo, programu zilizozoea kuona 2.6 zilianguka. Dawa yake hunichekesha mpaka leo: kerneli ilifundishwa kusema uongo. Programu ikiomba, 3.1 hujitambulisha kama 2.6.41.

Februari 2021 likaja toleo 4.4.256. Katika hesabu ya matoleo, namba ya mwisho ilitengewa baiti moja, ambayo kikomo chake ni 255. Ile 256 ikamwagikia kwa jirani, na toleo likasomeka 4.5.0. Moduli iliyouliza “umefika 4.5?” ingejibiwa ndiyo, kisha ingetafuta vitu ambavyo havipo. Watunzaji wakaizuia hesabu isivuke 255, huku matoleo yenyewe yakiendelea kuongezeka.

Njia salama zaidi ni kujaribu kujenga kipande kidogo cha msimbo na kuona kama kinakubali. Usiku ule sikuwa na subira hiyo. Niliweka sort -V, inayopanga matoleo kwa thamani ya namba zake, nikajenga moduli upya, waifai ikarudi. Skripti yangu bado inauliza namba.