Kughani kwa Muziki Jukwaani: Kutoka Ngonjera hadi Bendi ya Mjomba

Barabara ya Bagamoyo hupita Mwenge, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hukatiza Mbezi Beach wilayani Kinondoni, na kuishia katika mji ambao tangu 1981 umekuwa na chuo cha sanaa. Mlimani ndiko nadharia ya ushairi ilikobishaniwa. Bagamoyo ndiko ngoma, uigizaji na muziki vilikofundishwa pamoja. Makala haya yanachunguza namna ushairi wa kughani ulivyokutana na muziki wa jukwaani. Hoja kuu ni kwamba muziki si pambo la shairi: humpa mghani ruhusa ya kusema, lakini pia humpa gharama ya kulipia.

Kwa wanamapokeo, suala la muziki halikuwa na utata. Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi (1954) ililiona shairi kuwa ni utungo wa kuimbwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala aliyapeleka mashairi shuleni na mikutanoni kwa njia ya ngonjera. Vina na mizani vilibaki, ila wahusika walijibizana kwa zamu, na mwisho wa mabishano ulijulikana mapema: asiyeelewa siasa ya nchi huelimishwa, akakubali.

Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi (1974), mabishano yalihusu zaidi umbo. Athari yake kwa utendaji haikutiliwa maanani kiasi hicho: mshororo usiofungwa na mizani hukaribia usemi wa kawaida. Miaka miwili baadaye, Ebrahim Hussein katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi alimweka jukwaani msimulizi mmoja, kwa jadi ya ngano. Katika jadi hiyo fanani husema na hadhira huitikia kwa wimbo. Hivyo usemi na uimbaji hukaa pamoja bila kimoja kukimeza kingine.

Mgawanyo huo ndio unaoonekana kwa Mrisho Mpoto, msanii aliyepitia Parapanda kabla ya kuwa na bendi ya Mjomba. Mpoto hughani, waimbaji hushika kiitikio, ala hushuka neno linapopanda. Katika Nikipata Nauli, mpwa anamlalamikia mjomba, na wengi walimtambua mjomba huyo kuwa mtawala. Sizonje (2016), alioushiriki na Banana Zorro, humtembeza mgeni ndani ya nyumba yenye kasoro. Fumbo humkinga msemaji, na kiitikio huligeuza lalamiko la mtu mmoja kuwa la wote wanaoitikia.

Hata hivyo, mghani wa peke yake huhitaji sauti tu; bendi huhitaji ala, vipaza sauti na malipo ya wapigaji. Katika kumbi na hoteli za ufukweni kama zile za Mbezi Beach, kiingilio au mfadhili ndiye hubeba gharama hiyo. Mpoto mwenyewe alikuja kuwa balozi wa Nyumba ni Choo, kampeni ya Wizara ya Afya. Kampeni hiyo ina manufaa dhahiri kwa jamii, lakini katika kazi ya namna hiyo mwisho wa hoja hujulikana mapema, kama ilivyokuwa katika ngonjera.

Kwa hiyo, umbo la kughani kwa muziki halina msimamo wake lenyewe. Limewahi kumhoji mtawala, na limewahi kumsemea. Mtafiti wa utendaji huu anapaswa kuchambua matini, muziki, na pia mkono unaolipa bendi.