Mkaguzi wa Uchawi Aliwahi Kuwapo

Katika Tokyo Ravens, anime ya mwaka 2013, Japani ina idara ya serikali inayosimamia uchawi, na wapelelezi wake huwasaka wanaoutumia kinyume cha sheria. Mara ya kwanza nilicheka. Hata uchawi una afisa wa kuukagua? Miaka ikapita, nikiwa nasoma historia ya Japani ya kale, nikaikuta ofisi yenyewe.

Iliitwa Onmyōryō. Ilianza karne ya 7, enzi ya mfalme Tenmu, ikaja kufutwa mwaka 1870. Sheria za karne ya 8 zinataja hata idadi ya watumishi wake: wapiga ramli 6, kisha walimu wa ramli, kalenda na unajimu, kila mmoja na wanafunzi 10, na watu wa kulinda saa ya maji. Hawa walikuwa watumishi wa umma, wenye vyeo kama makarani wengine. Ishara ya ajabu ikionekana angani, taarifa yake ilifungwa kwa siri na kupelekwa kwa mfalme. Raia wa kawaida alikatazwa kuweka nyumbani vyombo vya kutazamia nyota au vitabu vya elimu hiyo. Nyota zikisema kiti cha enzi kitatikisika, serikali ilitaka iwe ya kwanza kujua, na ikiwezekana ya mwisho.

Sasa, elimu ikishagawanywa kuwa ya halali na ya haramu, kumtuhumu mtu huwa rahisi sana.

Mwezi wa pili wa mwaka 729, watu wawili walikwenda kushtaki kwamba mwanamfalme Nagaya, waziri mkubwa kuliko wote wakati ule, anajifunza kwa siri “njia ya kushoto” ili aiangushe dola. (Mswahili hahitaji kuelezwa kwa nini kushoto.) Usiku uleule askari wakaizingira nyumba yake mjini Nara. Siku mbili baadaye alijiua. Mkewe, binti mfalme Kibi, na wana wanne wa Nagaya walijinyonga. Kabla mwaka haujaisha, binti wa ukoo wa Fujiwara, mahasimu wa Nagaya, alifanywa malkia. Na miezi miwili tu baada ya mazishi ilitoka amri kwamba anayejifunza mazingaombwe na kuloga wenzake akatwe kichwa.

Kwenye anime mchawi haramu hutoa cheche, hivyo mkaguzi hana shaka. Nara hakuna aliyeona cheche.

Mwaka 738 mmoja wa wale washtaki, Azumahito, alikuwa akicheza go na Komushi, mtu aliyewahi kumtumikia Nagaya. Mazungumzo yakafika kwa marehemu. Komushi akachomoa upanga, akamuua. Shoku Nihongi, kitabu cha historia kilichoandikwa na serikali yenyewe na kukamilishwa mwaka 797, kinasema waziwazi kwamba Azumahito alikuwa amemsingizia Nagaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, eneo la nyumba hiyo lilichimbwa ili kujengwa duka kubwa. Vikapatikana vibao vya mbao vyenye maandishi, takriban 35,000, vya miaka kadhaa kabla ya kifo chake. Vinataja barafu, maziwa, na mchele wa kulishia mbwa na korongo wa bwana mkubwa.