Kati ya Ughaibuni na Uhamishoni: Wasomi wa Afrika Mashariki na Suala la Kurejea

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wazungumzaji wengi huyatumia kana kwamba maana yake ni moja, ilhali kila moja lina mzizi wake na hukumu yake. Ughaibuni hutokana na ghaibu, yaani hali ya kutoonekana au kutokuwapo, na kwa hiyo ni neno la waliobaki nyumbani, wanaomhesabu mwenzao kwa pengo aliloliacha. Uhamishoni hutokana na kitenzi hamisha, ambacho kimo katika kauli ya kutendesha, na hudokeza kwamba ipo nguvu iliyomwondoa mwenyewe mahali pake. Wahadhiri na maprofesa wa Afrika Mashariki walioishi nje ya nchi zao tangu miaka ya 1970 wamekaa katikati ya maneno hayo mawili, na mjadala juu ya kurejea kwao umekwama mara nyingi kwa sababu waliowaita nyumbani waliwaona kuwa wako ughaibuni, hali wao walijijua kuwa wako uhamishoni.

Kizazi kilichotangulia uhuru hakikusumbuliwa sana na suala hilo. Vijana waliosafirishwa kwenda vyuo vya Marekani kuanzia 1959, katika mpango uliofungamana na jina la Tom Mboya, walitarajiwa kurudi, na wengi walirudi, kwa kuwa nchi zilizokuwa zikipokea uhuru zilikuwa na viti vitupu serikalini na vyuoni. Hata hivyo si vyema kuupamba wakati huo kupita kiasi. Wangari Maathai, aliyekuwa mmoja wa vijana hao, alirudi Nairobi mwaka 1966 akiwa na barua ya kuajiriwa katika idara ya zoolojia, akakuta nafasi ile amekwisha kupewa mtu mwingine, jambo ambalo yeye mwenyewe alilihusisha na jinsia yake na kabila lake. Alipata kazi katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Kurudi, hata katika miaka ya neema, kulihitaji pawe na meza inayomngoja anayerudi.

Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni kwamba wasomi wa eneo hili walipoanza kukimbia hawakukimbilia mbali. Chuo cha Makerere, kilichoanza 1922 kama shule ya ufundi na kufungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, kiliunganishwa 1963 na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Julius Nyerere alikuwa Mkuu wake, cheo ambacho katika mfumo huo ni cha heshima zaidi kuliko cha utendaji. Masomo ya kitaaluma yaligawanywa: sheria ilifundishwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi na utabibu wa mifugo Nairobi. Mganda aliyetaka uwakili alikwenda pwani, na Mtanganyika aliyetaka uganga wa hospitali alipanda kwenda Kampala. Hivyo chuo hicho kilipovunjwa mwaka 1970 na kila nchi kubaki na chuo kikuu chake, mtandao wa watu waliofahamiana tangu ujana haukuvunjika pamoja nacho.

Mtandao huo ulihitajika upesi. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na Oktoba 1972 Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Makerere, yaani mtendaji hasa wa chuo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala na kufukuzwa pamoja na Waasia wenzake, alipitia kambi ya wakimbizi ya London kabla ya kupata kazi Dar es Salaam mwaka 1973. Waganda wenzake Dani Nabudere na Yash Tandon nao walifundisha Mlimani, kama eneo la chuo hicho linavyoitwa hadi leo. Kutoka upande wa Kenya alikuwapo Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyefungwa kwa waraka wake wa kisiasa wa 1968, na ambaye baada ya kutoka gerezani 1972 alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi 1979. Kwa watu wa aina hii uhamisho ulikuwa wa umbali wa treni au basi: habari za nyumbani ziliwafikia, lugha ya sokoni ilikuwa yao au ya jirani yao, na kurejea kulikuwa jambo la kupangwa kwa miezi badala ya miongo.

Ndiyo maana kurejea kwa Waganda mwaka 1979 kulikuwa kwa ghafla na kwa wingi. Majeshi ya Tanzania yalipokuwa yakielekea Kampala kumng'oa Amin, vikundi vya Waganda waliokuwa nje vilikutana Moshi mwezi Machi na kuunda chama cha pamoja, na aliyechaguliwa kukiongoza alikuwa Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha Makerere katika miaka ya 1960. Lule aliapishwa kuwa rais mwezi Aprili na akaondolewa Juni, baada ya siku 68. Wahadhiri waliotoka Dar es Salaam walijikuta mawaziri na wajumbe wa baraza la kutunga sheria, na wanne miongoni mwa wanasiasa hao, yaani Nabudere, Tandon, Edward Rugumayo na Omwony Ojwok, walipata sifa ya kuwa fungu moja lenye ushawishi mkubwa kuliko idadi yake. Mei 1980 tume ya kijeshi iliipindua serikali waliyoitegemea, na fungu hilo likaondoka tena nchini. Kwa msomaji wa leo tukio hilo linaweza kuonekana kuwa tanbihi ndogo katika historia ya Uganda, lakini kwa historia ya wasomi ni kubwa, kwa sababu lilithibitisha kwamba mtu aliyerejea kufundisha huweza kutakiwa kutawala, na akishatawala kiti chake cha ualimu hakimlindi tena.

Mamdani naye alirejea 1979 na kufundisha Makerere, lakini mwaka 1984, akiwa Dakar kwa mkutano, alinyang'anywa uraia na serikali ya Milton Obote, akarudi tena 1986 baada ya utawala huo kuanguka. Mshairi Okot p'Bitek, aliyekaa Nairobi miaka mingi, alirudi Makerere mwaka 1982 kuwa profesa wa uandishi wa kubuni, na akafariki Julai mwaka huohuo. Katika mambo kama haya ni vigumu kusema ni lini mtu amerejea: kurejea hakukuwa tendo moja, bali mlango uliofunguliwa na kufungwa mara kadhaa katika maisha ya mtu yuleyule.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni msomi aliyeondoka Dar es Salaam ili kurudi kwao. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha Mlimani kwa vipindi viwili, cha pili kikianza 1969 baada ya serikali ya Jamaica kumzuia kuingia nchini humo, na kitabu chake mashuhuri juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa 1972 angali huko. Alikuwa na kazi, wanafunzi na heshima. Hata hivyo aliamua kuondoka 1974, na sababu aliyoieleza baadaye inastahili kupimwa na kila anayedhani kuwa uzalendo hupimwa kwa mshahara. Aliona kwamba mtu anayetaka kufanya siasa pamoja na wananchi wa kawaida hana budi kuimiliki lugha yao pamoja na mafumbo, mizaha na kumbukumbu zake, na kwamba yeye Tanzania, hata angekaa vipi, angebaki mgeni aliyekaribishwa vizuri. Alirudi Georgetown akitarajia uprofesa aliokuwa amepewa na chuo kikuu cha nchi yake. Uteuzi huo ulibatilishwa kwa amri ya serikali, akabaki bila kazi ya kudumu lakini hakuondoka, na mwaka 1980 aliuawa kwa bomu.

Kenya, ambayo katika miaka ya 1970 ilikuwa kimbilio la Waganda, iliingia katika zamu yake mwanzoni mwa muongo uliofuata. Chama cha wahadhiri kilifutiwa usajili 1980. Juni 1982 wahadhiri kadhaa walikamatwa, akiwamo Al-Amin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki. Na baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda wa zaidi ya mwaka. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye tangu alipoachiwa kutoka kizuizini Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake ya chuoni, alikuwa London wakati huo, akaona si salama kurudi. Micere Githae Mugo, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikimbia, akapoteza uraia wake na kupewa wa Zimbabwe, ambako alifundisha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kabla ya kuhamia Marekani. Inafaa kuangalia hatua ya mwisho ya safari hiyo: kutoka Harare kwenda Syracuse.

Hatua hiyo ndiyo inayofichua kilichobadilika. Katika miaka ya 1980 majirani nao walidhoofika. Masharti ya marekebisho ya uchumi yaliyoambatana na mikopo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yalibana bajeti za vyuo, thamani ya shilingi iliporomoka, na Dar es Salaam, iliyokuwa imewalisha wageni, ikawa mahali ambapo profesa alifuga kuku nyuma ya nyumba ya chuo ili amalize mwezi. Shughuli hizo ziliitwa miradi, jina la staha kwa jambo lisilo la staha. Walioondoka sasa walifuata mshahara na maktaba. Wengine walielekea kusini, kama Euphrase Kezilahabi, mwandishi na mhadhiri wa Mlimani, ambaye katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana; wengine walivuka bahari moja kwa moja. Mwaka 1990 wahadhiri waliobaki waliandika Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma, mwezi Aprili, na wenzao wa bara zima wakakutana Kampala mwezi Novemba kwa azimio la namna hiyo, lakini azimio halilipi karo ya mtoto.

Umbali ulipoongezeka, mizani nayo ilibadilika. Msomi aliyekaa Michigan au Bayreuth miaka 15 alikuwa na watoto wasioijua shule nyingine, akiba ya uzeeni isiyohamishika, na bima ya matibabu iliyokoma mpakani. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liliendesha mpango wa kuwarudisha wataalamu wa Kiafrika kati ya 1983 na 1999, na waliorudi kwa msaada wake walikuwa wapatao 2,000 tu katika bara zima. Utawala wa Kenya ulipobadilika mwishoni mwa 2002, milango ilifunguka kwa namna yake: Ali Mazrui, Mkenya aliyeondoka Makerere katika enzi ya Amin na kuishi Marekani tangu wakati huo, aliteuliwa 2003 kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, cheo cha heshima kilichomwezesha kurejea bila kuhama. Alipofariki 2014 alizikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu. Ngũgĩ alirejea 2004 kwa ziara iliyopokewa kwa shangwe, akashambuliwa siku chache baadaye na watu wenye silaha alikofikia jijini Nairobi, na akarudi California. Mwaka 2013 ulianza mpango uliofadhiliwa na shirika la Carnegie, ambao uliwaleta wasomi wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Kanada kufanya kazi kwa wiki au miezi michache katika vyuo vya nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikuwa namna ya kukubali kwamba anayeitwa hatakuja na masanduku yote.

Sheria za uraia zimekwenda kwa mwendo usiolingana. Uganda iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa sheria ya 2009, na Kenya kwa katiba ya 2010, kwa hiyo profesa wa Nairobi aliyechukua pasipoti ya Marekani anaweza kurudi akiwa mwananchi. Tanzania haijaruhusu jambo hilo kwa mtu mzima, ingawa serikali yake imeandaa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya nchi hiyo. Mzaliwa wa Bukoba au Unguja aliyeapa uraia wa nchi nyingine ili apate ajira ya kudumu huko, akitaka kufundisha Mlimani kabla ya hadhi hiyo kuwapo, alirudi kwa kibali cha kazi na cha ukaazi, katika daraja lilelile la kisheria alilokuwamo Rodney, yaani mgeni.