Koti refu la mvua: kutoka mgongoni mwa farasi hadi bodaboda za Tukuyu

Kwa dereva wa bodaboda wa Tukuyu, koti la mvua ni kitendea kazi kama breki na taa. Miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Rungwe hupata hadi milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma haifikishi 600. Upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, hugonga mlima wenye kimo cha karibu mita 3,000, hupoa na kumwaga maji yake juu ya migomba, chai na viazi. Methali inasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini Rungwe mawingu yenyewe ndiyo hali ya kila siku, na masika yanapokolea hadi Mei kazi haisubiri anga litakate.

Hata hivyo, makoti mengi yanayouzwa sokoni yameshonwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Ukiketi juu ya pikipiki, koti hupanda, magoti hubaki wazi na maji hukusanyika mapajani. Tatizo hili lilishapata ufumbuzi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa wapanda farasi. Kuifahamu historia ya koti lao kunaweza kumwokolea kijana wa Katumba au Kiwira fedha na afya.

Jani la mgomba

Kabla ya nguo za dukani, mwamvuli wa Wanyakyusa ulikuwa jani la mgomba. Ni pana, lina utando wa nta unaotelezesha maji, linapatikana kila kona ya boma, na likichanika hukatwa jingine. Hadi leo linawafunika watu njiani mvua ikiwakuta ghafla. Kasoro yake ni moja: linadai mkono wa kulishika. Anayetembea anaweza kuutoa mkono huo. Mpanda farasi na dereva wa pikipiki hawana mkono wa ziada.

Farasi wenyewe hawakuwahi kuzoeleka sana katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Mbung'o waliwaua kwa nagana, na usubi uliwaambukiza maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoweza kumwangusha mnyama mwenye nguvu katika siku chache. Wamisionari Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa mmoja wao, na wenzao wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, mizigo ya misafara ilisafiri vichwani na mabegani mwa wapagazi. Hata Wajerumani walipohamishia boma lao kutoka Langenburg, ufukweni mwa ziwa, hadi Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, aliyelowa zaidi alikuwa mpagazi, na hakuwa na koti.

Mpira, mafuta na nta

Huko Uingereza, mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa mpira ulioyeyushwa katika nafta. Maji hayakupenya. Lakini koti hilo lilikakamaa kwenye baridi, likanata kwenye joto, na kutoa harufu kali. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipashwa joto pamoja na salfa hubaki imara katika hali zote mbili. Muda mfupi baadaye Thomas Hancock akapata hataza ya njia hiyo Uingereza, na makoti ya mpira yakawa bidhaa ya kuaminika.

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika biashara hiyo. Wajerumani walipanda mpira huko Tanga na Muheza, na zao hilo likastawi hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913, mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni. Malighafi ilisafirishwa kwa meli kwenda Ulaya. Mkulima wa Rungwe aliyeishi kwenye mvua nyingi kuliko Glasgow hakufikiriwa kuwa mteja.

Maskini wa bahari walipata njia yao wenyewe. Mabaharia na wavuvi walipaka mafuta ya kitani kwenye turubai la tanga kuukuu, wakalianika hadi likauke, na maji yakateleza juu yake. Kutokana na ujuzi huo wachungaji wa ng'ombe wa Australia, waliofanya kazi juu ya farasi, walipata koti lao maarufu: kampuni ya Driza-Bone inahesabu chimbuko lake kuwa mwaka 1898. Barbour ilianza mwaka 1894 katika bandari ya South Shields, Uingereza, ikiwauzia mabaharia nguo zilizopakwa mafuta, na mwaka 1936 ikatoa koti la pamba yenye nta kwa waendesha pikipiki. Kutoka farasi hadi pikipiki ilikuwa hatua fupi, kwa sababu mkao ni uleule.

Siri ya koti la mpanda farasi iko katika ukataji wake. Linashuka hadi chini ya magoti. Nyuma lina mpasuo mrefu ili pande zake mbili zilale kila upande wa tandiko, na ndani ya mpasuo kumeshonwa kipande cha pembetatu kinachozuia maji yasiingie kiunoni. Mikanda miwili inafunga pande hizo kwenye mapaja ili upepo usizipeperushe. Mabegani kuna kifuniko cha pili, kwa kuwa mabega ndiyo yanayopigwa kwanza. Vifungo vinafunikwa na ukanda mpana wa kitambaa.

Kabuti, shuka la mpira na mitumba

Kwetu, koti refu lilifika kwa njia ya vita. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yaliingia kutoka Nyasaland na kuiteka Neu-Langenburg. Vita hivyo vya kwanza vya dunia na vile vya pili vilisambaza makabuti ya kijeshi, ambayo walinzi wa usiku na wazee wa nyanda za baridi waliyathamini kwa miongo mingi. Kabuti la sufu linatunza joto, lakini mvua ya saa mbili hulifanya mzigo. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Tanganyika ndani yake, ilisonga mbele katika Bonde la Kabaw, Burma, katikati ya mvua za monsuni. Huko shuka la mpira lilitandikwa chini usiku na kuvaliwa mabegani mchana.

Njia nyingine ilikuwa ya vibarua. Vijana wa Rungwe walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ile ya Afrika Kusini, na nguo zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyonunua kwa mshahara. Baada ya mageuzi ya biashara ya miaka ya 1980, enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi, mitumba ilifungua mlango kwa wote, na makoti ya mvua ya Ulaya yakaanza kuning'inia minadani.

Mashambani plastiki ilichukua nafasi ya jani la mgomba. Chai ilijaribiwa Rungwe tangu mwaka 1904, na wachumaji wake hujifunga nailoni kiunoni, maana maji yao hutoka mbele, kwenye vichaka vilivyolowa. Kila kazi ina upande wake unaolowa, na wachumaji wamelikata vazi lao kulingana na kazi. Mifuko laini ya plastiki ambayo wengi walijifunika kichwani ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa sababu njema ya mazingira, na hitaji la vazi la kudumu likaonekana wazi zaidi.

Kununua kwa akili

Kanuni za mwaka 2010 ziliiweka biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki chini ya leseni, na tangu hapo bodaboda imekuwa ajira ya maelfu ya vijana. Hawa ndio wapanda farasi wa Rungwe ya leo, na koti lao halihitaji jina kubwa la Ulaya.

Unapochagua mtumba au koti jipya la bei nafuu, livae na uketi. Panua miguu kama uko kwenye pikipiki, uone kama magoti yamefunikwa na kama mikono inafika viganjani ukiishika usukani. Ligeuze ndani nje, mwagia mshono wa bega kikombe cha maji na usubiri: kitambaa kizuri chenye mshono uliotobolewa na sindano bila kuzibwa kitavuja tu. Tazama kama zipu ina kifuniko. Plastiki nzito inazuia maji, lakini huzuia na jasho. Matundu madogo chini ya kifuniko cha mabega hutoa mvuke bila kuingiza mvua. Rangi iwe ya kung'aa, kwa ajili ya ukungu wa barabara ya Mbeya. Na koti refu lisilo na mikanda ya mapajani lisivaliwe kabisa kwenye pikipiki, kwa kuwa upepo unaweza kulipeleka kwenye mnyororo au gurudumu.

Lililobaki ni kazi ya fundi cherehani. Mpasuo, pembetatu, mikanda na kifuniko cha mabega vinahitaji mita chache za nailoni yenye utando, gundi ya kuzibia mishono, na kielelezo kilichokatwa sawasawa. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha ushonaji. Kielelezo cha koti la mpanda pikipiki kinastahili nafasi katika mafunzo hayo, hasa mkoani Mbeya. Vyama vya bodaboda vinaweza kuagiza kwa pamoja na kupata bei nzuri. Ujuzi huu ulizaliwa kwa watu waliopaka mafuta tanga bovu kwa sababu hawakumudu koti la duka. Haujawahi kuwa mali ya matajiri, na mafundi wa Tukuyu wana uwezo wote wa kuuchukua.